Mzee wa Wiki Tatu

Nyumbani,
Jumapili, 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na miguu yako haijavimba kwa kusimama wodini. Sisi huku wazima. Baba anasalimu, ingawa nilipomwambia nakuandikia aliitikia kwa kichwa tu, na wewe unajua kwamba kwake hiyo ni salamu ndefu. Mama anasalimu. Paa la jikoni limezibwa. Mimi nimehamishiwa dawati la karibu na dirisha, pazuri kwa kusoma na pabaya kwa kujificha.

Habari kubwa ni kwamba nimekuwa shangazi. Wiki iliyopita wifi, mke wa kaka, alijifungua mtoto wa kiume. Kaka alikaa naye siku chache, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kupanda nguzo za umeme. Ameahidi kuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumbani tuko baba, mama, wifi, mimi, na huyu mgeni.

Tunamwita Mzee. Ana mikunjo kwenye paji la uso kama mtu anayesoma maandishi madogo bila miwani, na ngozi ya mapaja imemkaa kama suruali ya kuazima. Lakini jina amelipata hasa kwa tabia yake. Halii. Analala, anafumbua jicho moja, anatukagua, anafumba. Wewe umekulia katika nyumba hii tangu enzi za babu, na unajua jinsi mafundi saa wanavyoishi. Baba akiweka saa sikioni, sote tunasimama tulipo. Sufuria tunaitua juu ya kitambaa. Bawaba za milango tunazipaka mafuta. Hakuna aliyesema, lakini niliona kwamba tuliogopa mtoto atakuja na kelele na baba hatazisikia saa zake tena. Kumbe amekuja mtu wa kwetu kabisa. Mama alisema, "Huyu ametufuata sisi." Baba akasema, "Ana adabu." Alisema mwenyewe, bila kuulizwa.

Wakati wa kunyonya naruhusiwa kukaa chumbani nimshikie wifi mto. Mzee ananyonya kidogo, analala. Wifi huuma ncha ya kitambaa chake na kutazama ukuta mpaka amalize. Nilipomuuliza kama yuko sawa alisema, "Sawa kabisa," kwa sauti ndogo. Kwao ni nyumba ya ndugu wengi wanaopokezana kelele, lakini siku hizi anatembea kwa ncha za vidole kutushinda hata sisi.

Swali langu ni la kitabuni, usinicheke. Kitabu cha maktaba ya shule kinasema mtoto huzaliwa akijua kunyonya. Nani alimfundisha, na lini? Wewe unayekaa na watoto wachanga kila siku, hili halikushangazi? Naomba upige simu ya dukani kwa baba siku moja utueleze. Mimi nikishika simu sauti hunikauka, lakini mama angeweza kuzungumza.

Ni mimi, shangazi mpya,
mtoto wa kaka yako

*

Wodini,
Jumapili, 10 Februari

Shangazi mwenzangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Karibu kwenye cheo. Hakina ofisi wala likizo, lakini mtu akishakipata hanyang'anywi. Mwambie mama yako nimepiga kigelegele hapa hapa wodini mpaka mtoto mmoja akashtuka akaacha kunyonya, na mama yake akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Mwambie kaka yangu kwamba kichwa chake nimekiona kikiitikia. Miguu imevimba kama kawaida, nimeizoea.

Swali lako si la kuchekwa. Nimeishi nalo tangu nianze kazi hii. Mtoto akizaliwa, akawekwa kifuani kwa mama yake bila nguo, ukamwacha bila kumharakisha, hutambaa. Bado ana unyevu wa tumboni, macho hayajazoea mwanga, lakini anasukuma kwa miguu, anapumzika, anasukuma tena, anafuata harufu mpaka anafika. Hakuna aliyemwelekeza. Kila nikiliona natamani kuvua kofia, na kofia sivai.

Kisha anaanza kazi yenyewe. Anafungua mdomo wote kama anayepiga miayo, ulimi unalala chini ya ziwa na kwenda kama wimbi, taya linashuka, anameza, anavuta pumzi, anarudia, na hajipalii. Wewe msomi mzima ukicheka na maji mdomoni yanatokea puani. Yeye hajamaliza hata mwezi mmoja duniani na haya matatu anayapanga bila kukosea.

Sasa weka kitabu chini unisikilize. Barua yako imenifurahisha, halafu nikaisoma tena, halafu nikaisoma mara ya tatu na furaha ikapungua. Nataka uniandikie mambo haya. Mzee anaamka mwenyewe kutaka kunyonya, au anaamshwa? Nepi zake zinalowa vizuri kila siku, au mnafua chache? Wifi yako anauma kitambaa kwa nini? Na hili kuliko yote: akinyonya, unasikia sauti ya kumeza? Niandikie ilivyo. Usiseme "inasikika vizuri". Niandikie sauti yenyewe.

Tena, siku ya kwanza ya kliniki mlimpeleka? Kama halii na halowi, msisubiri jibu langu, mpelekeni. Mimi ni karatasi tu huku niliko, siwezi kumpima mtoto.

Simu niache. Laini ya hapa mbovu, nasikia upepo mtupu. Andika.

Nakubusu paji la uso, na mikunjo yote ya Mzee,
shangazi yako

*

Nyumbani,
Ijumaa, 15 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hii ina aibu ndani yake. Tunaendelea vizuri. Baba amepata saa ya ukutani ya shule yetu kuitengeneza, kwa hiyo siku hizi kengele hupigwa kwa kukisia na walimu wanagombana. Mama alipata mafua, yamepona. Kaka aliandika kwamba alipanda nguzo akaona mto mzima kwa mara moja.

Nilisoma barua yako nikaamua kumuuliza wifi siku hiyo hiyo. Nilifika mlangoni kwake nikafungua mdomo nikaomba sindano. Akanipa sindano. Jana nilirudi, nikaomba nyingine. Sasa nina sindano nyingi na jibu sina.

Kwa hiyo nimetazama tu. Mzee haamki mwenyewe. Mama humwamsha kwa kumgusa shavu, naye hufanya kama mtu aliyeitwa kikaoni asikotaka kwenda. Ananyonya haraka haraka, juu juu, kama mimi ninavyotafuna ncha ya penseli kwenye mtihani, kisha analala. Wifi hufua nepi mwenyewe, lakini jana nilizianua mimi. Zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Moja ilikuwa na doa la rangi ya matofali.

Niliinama karibu nisikilize anavyomeza. Nilisikia saa ya kabati, saa ya ukutani, na zile za wateja zilizoko dukani. Sauti ya kumeza sikuisikia. Mama anasema saa ndizo zinazoifunika. Nataka kumwamini mama.

Kliniki hatukwenda. Siku yenyewe ilinyesha, na baadaye mama akasema mtoto mtulivu hivi hana haraka. Nilijaribu kumwambia baba kwamba wewe umeuliza. Alikuwa na saa sikioni. Aliinua kidole kimoja, kile cha kusema subiri, nikasubiri, nikaenda shuleni.

Labda ni mimi tu ninayesoma mno. Wifi anatabasamu kila tukimwangalia. Lakini jana, alipodhani nimetoka, alimlaza Mzee akajishika kifua kwa mikono miwili akainama hivyo hivyo, bila sauti, kama mtu anayesubiri gari lipite.

Wako,
mwenye sindano

*

Wodini,
Jumatatu, 18 Februari

Mwanangu,

Barua hii ameileta dereva wa basi kwa mkono wake. Mpe maji anywe. Salamu nyingine tutazidai baadaye.

Jana nilimwomba muuguzi mwenzangu awapigie simu dukani. Kaka yangu akapokea, akasema, "Tu wazima, ahsante," akakata. Mwenzangu akaniuliza kama aliyepokea ni mtu au ni mashine. Kwa hiyo umebaki wewe.

Mtoto wa wiki tatu hana haki ya kuwa mzee. Mikunjo ile, usingizi ule, nepi chache, doa lile la matofali, vyote vinasema neno moja, kwamba maziwa hayamfikii ya kutosha. Halii kwa sababu kulia ni kazi, na hana nguvu za kazi. Msimsifie tena kwa hilo.

Kesho asubuhi apelekwe zahanati. Apimwe uzito, na muuguzi amtazame akiwa ananyonya, siyo kusimuliwa. Akikataa kabisa kuamka, au akawa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, msingoje kesho, ondokeni saa hiyo hiyo.

Leo mkishasoma hapa, mvueni nguo, abaki na nepi, alale kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Wifi yako anawe mikono akamue maziwa. Mweke Mzee wima kidogo, kikombe kidogo safi kiguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike ukingoni, kisha mngoje. Atalamba mwenyewe. Msimmiminie. Wala maji msimpe.

Na mwambie wifi yako maneno haya kama yalivyo. Maumivu ya namna hiyo yanamaanisha mtoto hajashika vizuri, na hilo linarekebishika. Hajakosea kitu. Lakini anayenyamaza nalo hapewi tuzo, si kwenu wala popote.

Najua ninachokuomba. Najua nyumba hiyo na najua kidole hicho cha kusema subiri, kilininyamazisha mimi utoto wangu wote. Leo usikitii.

Shangazi yako

*

Nyumbani,
Jumanne, 12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua nimechelewa kuandika, na telegramu ya kaka, "Anaongezeka, asante", haikukutosha. Sasa nina mchana mzima. Mama hajambo. Baba hajambo. Kaka amekuja na amerudi kazini. Dereva wa basi alikunywa maji glasi mbili.

Siku ile nilisoma barua yako nikiwa nimesimama barabarani, nikaingia dukani na viatu. Baba alikuwa na saa ya mkononi sikioni, jicho limefumbwa. Nikasema, "Baba." Akainua kidole.

Nikasema, "Hapana."

Shangazi, sikujua kama neno hilo linakaa mdomoni mwangu. Akafumbua jicho. Nikasema, "Mzee hashibi. Halii kwa sababu hana nguvu ya kulia."

"Nani amesema?"

"Shangazi. Na mimi."

Baba aliishusha ile saa. Hakuiweka kwenye kitambaa chake cha kazi, aliiweka juu ya mbao tupu na ikagonga. Mama alitoka jikoni kwa ule mlio, maana hajawahi kuusikia. Nikamsomea barua yote. Akasema, "Lakini hata wewe ulikuwa hulii."

"Nilikuwa nanenepa?"

"Ulikuwa kama mto wa kochi." Akabaki ameshika mlango. Kisha akasema polepole, "Huyu si mto," na akaanza kuchemsha kikombe.

Nilimpelekea wifi maneno yako kama yalivyo. Nilipofika kwenye "hajakosea kitu" alijifunika uso. Kisha akasema, "Nilidhani kwenu watu hawasemi. Nikajiambia nami nitajifunza." Alikuwa na vidonda, shangazi. Kila aliponyonyesha ilikuwa kama kubanwa na mlango, na sisi tulikuwa tumekaa pembeni tunasifia utulivu.

Tukafanya kama ulivyoandika. Wifi alikamua kidogo, hata nikaona aibu ya kumletea mtu kiasi kile. Kikombe kikagusa mdomo. Tukangoja. Baba alisimama mlangoni na kioo chake cha kukuzia bado kiko kwenye paji la uso. Halafu ulimi ukatoka, mdogo, wenye ncha ya waridi, ukalamba ukingo kama wa paka, ukarudi ndani. Ukatoka tena. Nimesoma vitabu vingi vya mambo makubwa, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama ulimi ule ukiyatafuta maziwa.

Asubuhi baba alifunga duka. Wateja wawili walikuja wakadhani kuna msiba. Zahanati kuna muuguzi ambaye akina mama wanamwita Spika, kwa sababu akiongea na mmoja wanasikia wote mpaka nje getini. Alimweka Mzee kwenye mizani, akaangalia kadi, akaangalia mizani tena. Alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Mama akakaa chini.

Spika hakutugombeza. Alivuta kigoda akasema, "Mnyonyeshe nione." Mzee akashika, wifi akauma kitambaa. Spika akakitoa kitambaa mdomoni mwake kama anayemtoa mtoto kijiti. "Inauma?"

Wifi akatutazama sisi kwanza, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Inauma sana," na shangazi, akaisema kwa sauti ya kwao. Foleni nzima ikageuka. Baba hakutazama chini.

"Hapo ndipo pa kuanzia," Spika akasema. Akaingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wa Mzee amwachishe taratibu, akamgeuza tumbo kwa tumbo na mama yake, pua ikaelekea chuchu. "Usimpelekee ziwa. Mngoje apanue mdomo, kisha mlete yeye." Mzee akapapasa, akakosa, akakunja uso. Tukarudia. Tukarudia tena. Mara akapanua mdomo kuliko nilivyodhani uso ule una nafasi, wifi akamleta, na kidevu kikazama. Wifi akafungua macho. "Haiumi," akasema, kama mtu anayeogopa kusikika. "Mbona haiumi?"

Taya la Mzee likaanza kushuka taratibu na kupanda. Chini ya sikio pakawa panacheza. Mikono yake, ambayo tangu azaliwe ilikuwa ngumi, ikafunguka kidole baada ya kidole, mpaka viganja vikabaki wazi. Spika akasema ndivyo mtu anavyoshiba.

Waliwalaza wifi na Mzee hapo zahanati mpaka uzito ukaanza kupanda, na maziwa ya kikombe yakaendelea baada ya kila kunyonya. Vidonda vya wifi vinapona. Sasa tumerudi nyumbani, na anaamka mwenyewe.

Nilitaka upige simu umsikie akilia, kwa sababu sasa analia, shangazi, na ni jambo zuri ajabu. Lakini umeniambia niiache simu, basi nimeiacha.

Wako,
niliyesema hapana

*

Wodini,
Jumapili, 24 Machi

Shangazi wa Mzee,

Marahaba elfu. Hapa kazi nyingi, chai baridi, godoro langu limeniumiza mgongo. Basi, salamu zimekwisha, niruhusu nijisifu.

Nimeisoma barua yako mbele ya wauguzi wote wakati wa mapumziko, na kwenye "hapana" wakapiga makofi. Yule wa simu ameomba msamaha kwa kumwita kaka yangu mashine. Sikumsamehe moja kwa moja. Mama yako mwambie asijilaumu. Wazazi wangapi wameniletea mtoto wakisema ana tabia njema, na mimi nikiangalia naona njaa iliyokaa kimya. Huwa siwacheki. Nyie mlikuwa na sababu ya kupenda ukimya, wengine hata sababu hawana.

Hapa wodini tuna mtoto njiti, mwepesi kama mkate, na baba yake ni mjenzi mwenye mikono mikubwa kama sepeto. Mama yake bado dhaifu, kwa hiyo baba ndiye anayembeba kifuani ndani ya shati. Wiki ya kwanza mtoto alilishwa kwa mrija. Juzi tulimjaribu kwa kikombe, tone kwa tone. Akameza la kwanza, na yule mjenzi akageuza uso ukutani. "Amefanya mwenyewe," akasema. Tukamwambia ndiyo. "Nimejenga ghorofa," akasema, "lakini hii sijui imejengwaje." Hata mimi sijui. Nimesomea, nimefundisha, na bado sijui.

Siku hizi natazama taya. Wauguzi vijana wananiuliza mbona siinami kusikiliza kama zamani, nawaambia macho yangu yamekomaa. Msimamizi ameniita ofisini kwake kwa upole mwingi, akasema kuna nafasi stoo, ya mashuka na magodoro, haina purukushani. Nimemwambia nitafikiri. Nafikiri.

Umeniandikia mengi mazuri. Jambo nililokuomba tangu mwanzo hujaliandika. Umeniambia taya, umeniambia kidevu, vidole. Sauti je? Sasa ipo, lazima ipo. Sikiliza kwa niaba yangu, uniletee kwa maneno. Usiniulize nataka ya nini. Na ile laini ni mbovu vile vile.

Shangazi yako,
wa macho yaliyokomaa

*

Nyumbani,
Jumanne, 9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako umepona? Badili godoro. Sisi wazima, na nyumba hutaitambua. Yule aliyekuwa Mzee amevuliwa cheo. Paji la uso limenyooka, mapaja yamejaa mpaka yana mistari, na sasa anaitwa King'ora. Anaanza kulia kabla hajafumbua macho. Wifi ameanza kuimba akifua, kwa sauti ya kwao. Mama jana aliangusha sufuria, akangoja, hakuna aliyesema kitu, akaiokota akacheka. Mteja mmoja alimuuliza baba anafanyaje kazi katika vurugu hii. Baba akasema, "Nafanya."

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Sikukuuliza chochote na sitauliza. Lakini nimesikiliza.

Saa zote za ndani nilizisimamisha kwanza, kwa ruhusa ya baba. Nikakaa chini ya goti la wifi. Hivi ndivyo ilivyo. Mwanzoni ananyonya haraka na hakuna sauti, ni kubisha hodi tu. Kisha maziwa yanashuka, na mwendo unapungua. Taya linafunguka, linasimama kidogo chini kabisa, na hapo inakuja. Ni "k" laini, isiyo na herufi ya kuifuata. Ni kama kufunga kisanduku kidogo ambacho ndani kimewekwa pamba. Baada yake pumzi fupi inatoka puani, inapiga kwenye ngozi ya wifi. K, na pumzi. K, na pumzi. Akianza kushiba, zinakaa mbalimbali, unadhani ile ilikuwa ya mwisho, inakuja nyingine. Mwisho kabisa anatoa sauti ndefu ya kuridhika, kama mlango uliopakwa mafuta.

Nilipomaliza kuandika hapo nilimsomea baba, nijue kama nimekosea. Alikuwa na saa mkononi. Akaniuliza, "Anataka sauti tu?"

Nikasema, "Ameiomba tangu Februari."

"Na simu hataki."

"Anasema laini mbovu."

Baba akaishusha ile saa juu ya kitambaa chake cha kazi. Kisha akaenda chumbani akamwomba wifi ruhusa, akaketi kando ya mtoto aliyekuwa ananyonya. Hakuinama kusikiliza. Alinyoosha kidole chake cha kazi, kile chenye ncha laini, akakiweka chini ya kidevu cha King'ora, kwa wepesi wa unyoya. Akafumba macho. Nikaona midomo yake inahesabu. Kisha akashika mkono wangu, akakiweka kidole changu palipokuwa chake.

Shangazi, inashikika. Kila akimeza, kitu kidogo kinapanda na kushuka chini ya kidole, hakikosi hata mara moja. Ukiweka na kiganja kingine mgongoni, pumzi nayo unaipata. K, na pumzi. Yote niliyokuandikia hapo juu yalikuwa kwenye ncha ya kidole changu, na masikio sikuyatumia kabisa.

Baba akasema, "Babu yenu, masikio yalipomwacha, alizifanyia kazi saa namna hii miaka yake ya mwisho. Kwa kidole. Wateja hawakujua." Kisha akasema, "Mwandikie dada yangu."

Nimekuandikia. Ametaka kuongeza neno lake mwenyewe, kwa hiyo nimemwachia nafasi hapa chini.

Ni mimi,
shangazi mwenzako

*Dada. Stoo usiende. Njoo Pasaka, shule zikifungwa, ukae mwezi. Nimempakata mjukuu wako ninapoandika hivi, analia, nawe ungemshika ungejua analilia nini. Tu wazima. Kaka yako.*